Dada Yangu, Pasi ya Mkaa na Bibi wa Ngazini

Kabla hamjasikia habari za dada yangu kwa mtu mwingine, zisikieni kwangu. Sijisifu, lakini katika mji huu wa kale, wenye kuta nene na vichochoro vyembamba kiasi kwamba paka wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma, hakuna mtembeza wageni anayenifikia kwa habari za mizuka. Shule niliiacha njiani, nayo haikunitafuta. Ulimi ndio ulionilisha.

Mizuka ninayo ya kila namna. Gereza la zamani lina mfungwa anayeomba maji; ukiweka sikio ukutani unamsikia anavyomeza mate. Bohari la kale lina punda anayelia, ila punda mwenyewe haonekani. Jengo lililokuwa mahakama lina karani asiye na kichwa, anazunguka vyumbani akitafuta muhuri wake. Siku moja mgeni mmoja mjuaji akaniuliza, "Sasa huo muhuri atauonaje na hana macho?" Nikamjibu, "Ndiyo maana hajaupata mpaka leo." Akanipa bakshishi nzuri.

Lakini hao wote ni mizuka ya kusimuliwa. Mzuka wa kusikika kwa masikio, bila mimi kutia chumvi hata punje, alikuwa mmoja tu, naye alikuwa anaishi kwetu.

Nyumba ile ilijengwa na tajiri wa zamani hizo: ua katikati, vyumba kuuzunguka, na ngazi ya mbao inayopanda kutoka uani mpaka ghorofani. Tajiri alipokufa ikawa ofisi ya serikali, ikawa shule, ikakaa imefungwa mpaka popo wakajiona wenye mali, mwisho ikagawanywa vyumba vya kupangisha. Bibi wa Ngazini alikuwa mke wa yule tajiri. Mumewe alipoondoka kwenda safari alimwambia, "Nisubiri, nitarudi alasiri." Hakusema alasiri ya siku gani. Basi kila alasiri bibi anavaa viatu, anashuka kwenda kumfungulia mlango. Hiyo ndiyo ninayowapa wachumba. Wageni watu wazima nawaambia alikuwa anashuka kuwafuma watumishi waliolala. Wote hutikisa vichwa na kusema, "Hata mimi ningeshuka."

Nilichokuwa sikiongezi ni huu mlio. Kila alasiri, kazi zikishaanza kupoa uani, mbao za ngazi zilikuwa zinalia. Ile ya juu kabisa, kwii. Kimya. Inayofuata, kwii. Kimya. Hivyo hivyo, taratibu, kama mtu mzima mwenye magoti mabovu, mpaka ya chini kabisa. Na juu ya ngazi hakuna mtu. Mizuka ya wenzetu hufanya kazi usiku. Wetu alikuwa wa saa za ofisi.

Sasa dada yangu. Mtaa mzima unamwita Mama Pasi. Aliingia nyumba ile akiwa mjane bado kijana, mtoto mgongoni, mwingine mkononi, wengine nyuma wakiburuta vyombo. Nyinyi wapwa zangu ndio mlikuwa mnaburuta, msijifanye leo mmezaliwa na makochi. Na mimi, mdogo wake wa mwisho, nilikuwa nyuma kabisa na godoro kichwani, nikilalamika njia nzima. Mji mzima tulikuwa tumeumaliza kwa kubisha hodi. Mwenye nyumba akifungua mlango alikuwa anamtazama dada, anawatazama watoto, ananitazama mimi, halafu chumba kinakuwa kimeshapangishwa.

Chumba kilichobaki kilikuwa cha chini ya ngazi. Zamani kilikuwa jiko la tajiri; kuta nyeusi kwa moshi, na dari yake ni tumbo la ngazi yenyewe, imeinama, hata mtu akisahau akasimama upande ule anajigonga. Mpangaji wa mwisho alikimbia akaacha kiatu kimoja. Msimamizi wa nyumba, mzee mpole, akaona vibaya kumficha mjane.

"Mama, nakuambia ukweli. Kuna mtu anashuka juu ya vichwa vyenu kila alasiri."

"Anashuka, au anaingia ndani?" dada akauliza.

"Anashuka tu."

"Anadai kodi?"

"La, hadai kitu."

"Basi huyo ni jirani," dada akasema, na akaniambia nitue godoro.

Siku za mwanzo mimi nililala mlangoni, mguu mmoja nje, nikiwa chonjo kukimbia. Dada alilala katikati ya chumba kama aliyekijenga. Alasiri ya kwanza ngazi ilipomaliza kulia, aliinua uso kwenye dari akasema, "Ahsante, bibi." Nikamuuliza anamshukuru kwa lipi. "Kama si yeye kuwatia watu hofu," akasema, "chumba hiki kingekuwa cha mtu mwenye uwezo. Sisi tungekuwa barabarani." Tangu hapo hakuacha kumshukuru. Alikuwa anasema kila siku, kama mtu anavyomwitikia jirani salamu.

Kazi yake ilikuwa udobi. Kufua uani, kuanika uani, kupiga pasi ndani, mle mle tulimolala. Jiko la mkaa lilikuwa linawaka kuanzia asubuhi, limesukumwa pembeni chini ya ngazi ili tupate pa kupita, na pasi zake zile nzito za chuma zinajazwa makaa kwa zamu. Alikuwa analowesha kidole anaigusa pasi, ikisema chii anaanza, isiposema anairudisha. Kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono, kifua mwisho. Shati lililopita mikononi mwake lilikuwa linaweza kwenda kazini lenyewe, mwenye shati akabaki amelala. Sisi wengine tulikuwa tunaiva humo ndani kama mikate, lakini tulikuwa tunaiva tukiwa na chakula tumboni.

Na alikuwa na tabia moja. Ukutani alipigilia misumari mstari mzima. Kabla ya kulowesha nguo alikuwa anapekua mifuko, na alichokikuta anakitundika kwenye msumari mpaka mwenyewe aje: funguo, pete, vifungo, picha ya msichana ambaye si mke wa mwenye suruali. Kuna wakati alitundika meno ya bandia. Mwenye meno alikuja amefunika mdomo kwa kitambaa, hawezi hata kueleza alichokifuata. Dada akamkabidhi bila kucheka. Mimi nilicheka kwa niaba ya nyumba nzima. Nilipomwambia vitu vingine angeweza tu kuvikalia kimya, alinitazama kama niliyetapika juu ya shuka jeupe. "Mtu amenipa nguo," akasema. "Mfuko hakunipa."

Kwa pasi zile mlisoma nyote, na mkatoka mkaenda kwenu. Kwa pasi zile na mimi nilivaa shati lililonyooka nikasimama mbele ya wageni nikasema mimi ni bingwa wa mji wa kale, wakaniamini. Nani anamwamini bingwa mwenye shati lililokunjamana? Hata kipaji changu, ambacho ni kikubwa, kilihitaji kola.

Mara moja tu bibi alikaa kimya. Dada aliugua, akalazwa hospitali, na siku zote alizolazwa ngazi haikutoa hata kwi. Alipopona akarudi, akawasha jiko lake, alasiri ile ile bibi akashuka. Wapangaji wote wakatoka vyumbani kusikiliza. Fundi Saa, mzee wa ghorofani anayetengeneza saa, na ambaye haamini kitu asichoweza kukifungua kwa bisibisi, alisema, "Alikuwa anakuwazia, Mama Pasi." Dada akaingia ndani, akafunga mlango, tukamsikia anapenga kamasi.

Basi tukaishi hivyo, miaka ikapita, mpaka wenye nyumba walipoiuza.

Aliyeinunua tulimpa jina Bwana Miwani, maana alikuwa na miwani ya kusomea machoni na ya jua juu ya kipara, na akitaka kuona mbali anazitoa zote mbili. Nyumba hakuifuata kwa uzuri wake. Aliifuata kwa mzuka. Mgeni mmoja alikuwa ameurekodi mlio wa ngazi kwenye simu, ukasambaa huko na huko. Kuna wanaosema mgeni huyo nilimleta mimi. Nilimleta, ndiyo, lakini simu alikuja nayo mwenyewe. Bwana Miwani alitaka kufungua hoteli ya watu wanaopenda kutishwa kwa starehe: kitanda kizuri, mashuka meupe, na bibi anashuka wakati wa chai.

Hakuwa mtu mbaya. Alitukusanya uani, akatuamkia wakubwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba anaomba vyumba vyote viwe vitupu mwezi ukiisha.

Fundi Saa akauliza, "Nihamie wapi, mwanangu? Watu wote wenye saa mbovu wanajua njia ya hapa tu."

"Nitakusaidia kubeba, mzee," Bwana Miwani akasema, na nadhani alikuwa anasema kweli, jambo ambalo liliumiza zaidi.

Kesho yake dada alianza kutafuta chumba, na mimi nyuma yake kama zamani, safari hii bila godoro. Sasa hakuwa na watoto wa kuwatisha wenye nyumba, lakini alikuwa na jiko. "Mkaa? Hapana, mama, mkaa hatutaki." Pengine mkaa sawa, lakini hakuna ua wa kuanikia. Pengine kuna ua, lakini ni mbali, hakuna mteja atakayebeba furushi mpaka kule. Alikuwa anarudi jioni, anakaa kitandani, anajikanda vifundo vya miguu. Nikamwambia tutapata tu. Akasema, "Chumba nitapata. Kazi ndiyo sitaipata." Na mnamfahamu mama yenu: mwondolee kazi uone kama kitabaki kitu zaidi ya gauni.

Akaacha kupokea nguo mpya. Alisema dobi hahami na nguo za watu. Nguo zikipotea njiani jina linapotea nazo. Akamaliza zilizokuwapo, akazipeleka mlango kwa mlango, akatembeza na vitu vya kwenye misumari mpaka kila kimoja kikafika kwa mwenyewe. Siku aliyomaliza alilimwagia maji jiko, akalisugua, akaliweka uani likauke. Nilikuwa sijawahi kukiona chumba kile kina baridi.

Siku chache baadaye Bwana Miwani akaleta washirika wake wasikilize mali waliyoweka fedha zao. Viti vikapangwa uani. Mimi nikaitwa kusimulia, kwa heshima zote, kwa sababu hata mtu anayekufukuza anajua fundi ni nani. Na nilisimulia, jamani! Mama mmoja katika wale washirika alikuwa ameshika mkoba kifuani kama vile bibi ni kibaka. Nikapunguza sauti. Nikanyoosha kidole juu. "Na sasa," nikasema, "sikilizeni."

Wakasikiliza.

Njiwa akatua kwenye paa, akatutazama, akaruka.

"Sikilizeni," nikasema tena.

Fundi Saa akakohoa juu. Wote wakaruka vitini, halafu wakaona ni yeye, wakakaa. Kivuli kilifunika ua wote, chai ikapoa vikombeni, ngazi ikawa ngazi tu.

"Labda saa yake imesimama," yule mama mwenye mkoba akasema.

"Ashuke nayo nimtengenezee," Fundi Saa akajibu kutoka juu.

Walicheka, lakini kile kicheko cha watu wanaotafuta viatu. Wakaondoka wakisema watarudi baada ya majuma mawili kusikiliza tena, na kama hakuna kitu, basi kila mtu ashike hamsini zake. Bwana Miwani alibaki peke yake katikati ya viti. Miwani zote mbili zilikuwa mkononi.

"Mama," akamwambia dada, "mmemfanya nini?"

"Sisi? Sisi tunahama, mwanangu, kama ulivyosema. Yeye hatukumwambia kitu."

"Mbona hashuki?"

"Sijui. Na mimi nimeshangaa. Siku zote hizi hajashuka."

Hapo nikaona mlango wa mbinguni umefunguka. Nikamvuta dada mpaka chumbani.

"Dada, sikia. Mwambie Bwana Miwani kwamba bibi hataki tuhame. Amenuna. Tukiondoka, naye anaondoka. Mwambie hivyo tu, mengine niachie mimi."

"Aliniambia lini?"

"Kwani lazima akuambie? Huyo jamaa ataamini. Mtazame alivyo."

"Simsingizii maneno mtu asiyeweza kujibu," akasema. "Kanifaa mno yule bibi."

Mimi nina uwezo wa kumshawishi mgeni kwamba punda asiyeonekana ana rangi ya kijivu, lakini dada yangu sijapata kumhamisha hata kiti. Kumbe haikuhitajika. Bwana Miwani mwenyewe akabisha hodi, akaomba tusihame kwanza. Tukae mpaka wale washirika warudi, na kila kitu kiwe kama kilivyokuwa, labda bibi ametishwa na pilikapilika.

"Nikikaa nitafanya kazi," dada akasema. "Siwezi kukaa mikono mitupu kama mgonjwa."

"Fanya, mama. Fanya chochote unachofanyaga."

Asubuhi yake jiko liliwaka. Habari ikazunguka mtaa, na wateja wakamiminika na mafurushi kama watu waliokuwa wamevaa nguo chafu kwa huzuni. Alipiga pasi mpaka alasiri, akatoa jiko nje kumwaga majivu, kama kawaida yake. Bwana Miwani alikuwa amekaa uani, viatu amevua, kikombe mkononi, amekata tamaa.

Kwii.

Kikombe kikasimama hewani.

Kwii. Taratibu. Magoti yale yale mabovu. Ngazi yote mpaka chini, hatua ya mwisho ikaishia mbele ya vidole vyake vya miguu. Na yule mtu mzima, mwenye mali, mwenye hoteli, akainuka kitini akaiambia ngazi, "Shikamoo."

Sikucheka. Nilicheka baadaye, nimefunika uso kwa taulo la mteja.

Bwana Miwani hakungoja hata washirika. "Hamhami," akasema. "Wageni watakaa ghorofani, nyinyi mkae chini. Mzee wa saa tutamshusha naye, apumzike na kupanda ngazi. Sijui mna nini na huyu bibi, na sitaki kujua." Dada alikaa kwenye ukingo wa kitanda akalia. Alilia kwenye shati la mtu, likabidi lifuliwe upya. Washirika waliporudi, bibi aliwashukia mbele ya macho yao, na yule mama mwenye mkoba aliutupa.

Hapo ningekuwa mimi ndiye mwenye maisha haya, hadithi ingekwisha. Lakini ni ya dada.

Bwana Miwani alimleta seremala aikaze ngazi kabla ya wageni kuanza kupanda. Kijana wa watu, penseli sikioni, akapanda, akashuka, akaomba kuingia chumbani aione kwa chini. Ilikuwa katikati ya kazi, pasi zimejaa makaa. Akanyoosha mkono akashika ile dari iliyoinama, akauondoa haraka.

"Mama, hizi mbao unazipika!"

"Nazipika vipi?"

"Shika mwenyewe. Jiko liko chini yake mchana kutwa. Mbao inashika joto, inatanuka. Ukitoa jiko inapoa, inajirudi, inalia. Zile za juu ni nyembamba, zinapoa kwanza, ndiyo maana mlio unashuka." Akacheka. "Nilikuwa najiuliza hii habari ya bibi. Kumbe bibi ni wewe!"

Akaendelea kupima mbao zake, hajui alichokiangusha. Dada alisimama na pasi mkononi mpaka nikamwambia anaunguza. Humu ndani mlikuwa na moto tangu enzi za tajiri. Watumishi wa ofisi walichemshia chai humu, shule ilipikia humu. Nyumba ilipofungwa, bibi alisemekana amesafiri. Na wakati ule wa hospitali, hakuna aliyekuwa anamwazia mtu. Jiko lilikuwa limezimwa.

Seremala alipotoka, dada akavua aproni.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza, ingawa niliona.

"Juu. Kumwambia."

"Dada! Nani kakuuliza? Huyu mtu katuacha hapa kwa sababu anadhani bibi ni wetu. Akijua ni jiko tu, ananunua jiko, anaajiri mtu wa kulichochea, sisi nje. Hilo unalielewa?"

"Nalielewa."

"Basi nyamaza! Hatujamwambia uongo. Yeye mwenyewe ndiye kaamini."

Alinionyesha ile misumari ukutani. Funguo za mtu zilikuwa zinaning'inia pale, na kifungo cha koti.

"Hiki nimekikuta mfukoni mwake," akasema. "Nyumba ni yake, ngazi ni yake. Nimekikuta, nakirudisha."

Nilimzuia mlangoni kwa mwili wangu wote, ambao si mdogo. Akanisogeza kama pazia. Nikamsikia anapanda, kila hatua inalia chini yake, na mimi nikaanza kufunga masufuria kwa kamba, maana nilijua mwisho wake. Halafu nikashindwa kuvumilia, nikamfuata, nikajibanza nje ya chumba ambamo Bwana Miwani alikuwa anachagua mapazia.

Alimweleza yote, wazi, bila kupamba. Kama angeniachia mimi niieleze ingekuwa tamu zaidi. Bwana Miwani akaweka mapazia kando.

"Kwa hiyo naweza kuweka jiko langu mwenyewe pale."

"Unaweza, mwanangu."

"Na nikachukua chumba."

"Unaweza pia. Ila tafuta mkaa mgumu. Ule mwepesi haukai na joto."

Nikajipiga kofi pajani nje kule. Mtu anafukuzwa, na bado anamfundisha anayemfukuza kuchagua mkaa!

Bwana Miwani akatoa miwani ya kipara, akatoa ya macho, akazishika zote na kumtazama dada kwa macho matupu. "Mama," akasema, "nimeajiri watu wa hoteli hii. Kila mmoja ameniambia ni mwaminifu. Hakuna hata mmoja aliyepanda kuniambia kitu cha kumuumiza mwenyewe." Akafungua droo, akatoa shada la funguo za vyumba vyote vya juu, akaliweka mezani mbele yake. "Nilikuwa silali kwa kuwaza nitamkabidhi nani hizi. Shika. Chumba chako ni chako siku zote nikiwa hai, na nitawaambia watoto wangu pia. Mashuka ya hoteli utafua wewe, kwa bei utakayosema wewe. Huyo bibi tumwache ashuke tu, hamdhuru mtu."

"Na wageni wakiuliza kama ni kweli?"

"Wakikuuliza wewe, waambie ukweli. Wakimuuliza huyo aliyejificha nje ya mlango," akasema kwa sauti ya kunifikia, "basi shauri yao."

Tangu siku ile hakuna mgeni aliyedanganywa na dada yangu. Akiulizwa anaonyesha jiko. Na cha ajabu, hawakasiriki. Wanaingia chumbani kwake, wanashika dari, wanapiga kelele "Ina joto!" kama watoto, wanakaa kwenye kitanda chake wanakunywa maji, na wengine wanaondoka na shati lililonyooka. Mimi na ufundi wangu wote sijawahi kumfanya mgeni atamani kubaki kwenye gereza.

Ninyi mko mbali sasa, kila mtu na mji wake, na mama yenu hatawaambia haya, maana kwake si habari, ni siku tu ya kazi. Ndiyo maana nimeandika mimi. Nimekula chakula chake, nimevaa mashati yake, nimelala chini ya dari aliyotupatia pale wengine wote waliposema hakuna nafasi. Nimetembea na maneno matamu maisha yangu yote, na la kumtosha dada yangu bado sijalipata. Nashukuru. Ndilo hilo, na linajitosheleza, hata kama ni fupi kwa mtu wa kiwango changu.

Siku ile aliposhuka na funguo mkononi, nilikuwa nimetangulia mbio kujifanya sikusikia kitu. Akanikuta katikati ya chumba na masufuria niliyoyafunga.

"Unahama?" akaniuliza.

"Nilikuwa napanga vizuri tu."

"Fungua hizo kamba zikaanikiwe. Kuna mashuka ya hoteli nzima, na wewe mikono unayo."

Nikafua, wapwa zangu. Bingwa wa mji wa kale, magoti chini, povu mpaka viwikoni. Nilikuwa nasugua huku naimba, na dada akapitia mlangoni akasema nimesugua vibaya, nianze upya, nikaanza upya.